Kizimkazi hadi Michamvi kwa miguu, bamvua la Mei

Jumamosi, Kizimkazi Dimbani

Nimefika maji yamekupwa kabisa, na mvua ya usiku bado inachuruzika kwenye makuti. Vyombo vya kupeleka wageni kutazama pomboo vimepandishwa juu pwani na kufungwa kwa kamba mbilimbili. Wenye vyombo wamejikunyata barazani wanacheza karata. Mei haina wageni. Masika hayajaisha, kusi imeshaingia, na hoteli nyingi za upande wa mashariki zimefunga hadi Juni. Anayetaka picha za jua na mchanga mweupe na abaki nyumbani. Mimi mwezi huu nimeungoja tangu kaskazi ilipokuwa inavuma.

Njia yangu inaanzia hapa, kusini kabisa mwa Unguja, inapita Mtende, Makunduchi, Jambiani, Paje na Bwejuu, inaishia kwenye ncha ya Michamvi. Naelekea kaskazini kwa sababu ya upepo. Kusi hupiga kutoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo mvua inakujia mgongoni, begi linaikinga, na unapoinua kamera kutazama mbele matone hayakimbilii kwenye lenzi. Anayetokea Michamvi kuja huku atatembea kutwa ameinamisha uso.

Kabla ya utabiri wa mvua nilitazama jedwali la maji. Upande wa mashariki wa kisiwa una mwamba wa matumbawe uliojitenga na ufuko, mahali pengine kwa kilomita nzima na zaidi. Maji yakikupwa, mawimbi yote yanavunjikia huko nje, na wewe ufukweni unaona mstari mweupe tu na kusikia mvumo. Upepo unaweza kung'oa minazi, lakini picha utakayorudi nayo ni ya madimbwi. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndilo linaloyavusha mawimbi juu ya mwamba, kwa sababu tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Na bamvua la visiwa hivi lina tabia inayomfaa mpiga picha: maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa kwenye saa nne. Asubuhi unapata mchanga mgumu wa kutembelea. Alasiri bahari inakuja mlangoni, na jua liko nyuma yako, magharibi, linamulika povu mbele ya mawingu meusi. Siku za maji mafu, kupwa na kujaa kunapotofautiana kidogo, mpango wote unageuka, kujaa kunakuja asubuhi na hakuna nguvu. Mwezi unaandama kesho, ndiyo maana nimeanza leo.

Mvua ya adhuhuri imenikuta karibu na msikiti wa kale. Kwa nje ni jengo la kawaida lenye paa la bati, unaweza kulipita usiligutukie. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Mzee anayeuangalia alinifungulia. Kamera niliiacha kwenye begi kwa kuwa nilikuwa nadondosha maji kila nilipokanyaga, tukakaa tu kusikiliza bati.

Alasiri sikwenda mbali. Ghuba ya Dimbani inaelekea magharibi, kusi inaipita pembeni, kwa hiyo maji yalijaa kimya kimya na hakukuwa na wimbi la kupiga. Nikapiga wingu. Kamera hudhani kila kitu duniani ni kijivu cha wastani; ukiielekeza kwenye wingu zito inalipausha. Ninashusha mwangaza theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga nusu), mara nyingine stopu nzima, na wingu linabaki na uzito wake.

Jumapili, Mtende

Kati ya Kizimkazi na Makunduchi huwezi kufuata ufuko moja kwa moja. Ni maweni: majabali ya matumbawe ya kale, yaliyoliwa na maji kwa chini hadi yakabaki na mdomo uliochomoza juu ya bahari. Nimepita vijia vya msituni, juu ya mawe yenye ncha ambayo raba za kawaida hazimalizi nayo wiki. Upepo husikii mle ndani, unasikia mbu.

Mtende ni mahali pa kukaa siku nzima, na ndivyo nilivyofanya. Ni kipande kifupi cha mchanga kati ya majabali, unashuka kwa ngazi, na hapa bahari haina kilomita ya kupumzika kabla ya kukufikia. Wimbi lililotoka mbali kusini mwa Bahari ya Hindi linafika na nguvu zake. Wimbi huanza kuvunjika kina cha maji kinapokaribia kulingana na urefu wake, kwa hiyo palipo na kina kirefu hadi karibu na jiwe halivunjiki njiani, linakuja kulivunjikia jiwe.

Nilishuka saa nne kutazama pahala pangu maji yakiwa chini. Huo ndio wakati wa kujua wapi pana mwani wa kuteleza, wapi jabali limepasuka, na mstari wa taka za jana umefika wapi. Mstari huo ulikuwa umegusa ukuta wa jiwe pande zote mbili. Maana yake maji yakijaa mchanga hauna pa kutokea isipokuwa ngazi. Hivyo saa nane nikapanda juu nikabaki juu, hatua kadhaa nyuma ya ukingo, kwa sababu ule mdomo uliochomoza chini yake ni wazi na hakuna anayejua utakatika lini. Chini ya mdomo wenyewe sikai hata bahari ikiwa shwari.

Mawimbi huja kwa makundi. Yanapita madogo, unaanza kuchoka, halafu yanakuja makubwa matatu au manne mfululizo, kisha kimya tena. Mawimbi ya urefu tofauti yanasafiri pamoja. Yanapopandana yanaongezana, yanapopishana yanapunguzana. Kwa hiyo sibonyezi ovyo. Natazama upeo wa macho, nikiona migongo miwili imeinuka kuliko mingine ndipo nainua kamera.

Kuna picha za namna mbili za wimbi kwenye jiwe na kila moja ina watu wake. Ukiweka shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, 1/1000 ya sekunde kila tone linasimama hewani, unahesabu. Ukiweka robo sekunde, kamera ikiwa juu ya stendi, maji yanakuwa nyuzi nyeupe na jiwe linabaki jeusi. Kwa dhoruba, mimi sipendi ile ya pili ikizidi nusu sekunde. Wapo wanaoacha shata wazi nusu dakika hadi bahari inakuwa ukungu laini, na wanaita hiyo picha ya tufani. Bahari iliyonilowesha leo haikuwa laini. Nimeishia 1/15 kwa picha nyingi: wimbi linaonekana linakwenda, na bado lina misuli.

Jioni, kazi ya chumvi. Nimekiangalia kioo cha mbele cha lenzi kwa karibu chini ya tochi ya simu: kila tone lililokauka limeacha duara, na ukingoni mwa duara kuna punje ndogo za mraba, zinang'aa. Hizo ndizo nisizotaka kuzisugua kwenye kioo. Kitambaa hakigusi hapo kabla ya maji baridi, yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua kupita kwanza na kuziyeyusha. Ndiyo maana nafunga kichujio cha kioo kitupu mbele ya lenzi, kitu ambacho siku nyingine nakibeza. Kichujio unakifungua, unakiosha kama kikombe, unakirudisha. Stendi nayo inasuuzwa miguu yote, viungo vikiwa wazi.

Jumatatu, Makunduchi hadi Jambiani

Mvua. Kuanzia alfajiri hadi baada ya adhuhuri, mvua ya kunyooka isiyo na upepo wala umbo, anga yote rangi moja. Hii ndiyo hali ya hewa mbaya isiyopigika. Nimetembea tu.

Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoka, ile inayojirudia kila msimu wa kusi: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 kwa ukanda wa pwani. Mvuvi niliyekutana naye Makunduchi, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, hakuhitaji kuisoma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wenda wapi na mvua hii?"

"Jambiani."

"Kwa miguu? Gari zipo, mwanangu."

Nilimweleza natafuta picha za bahari ikichafuka. Akacheka, akasema hii haijachafuka, hii imenuna. Iliyochafuka ni ile ya Hidaya. Kimbunga hicho kilifika pwani karibu na Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, na boti za kwenda Dar es Salaam zilisimamishwa. Vimbunga kamili huku ni nadra, kwa sababu tuko karibu mno na ikweta kwa upepo kujikunja na kupata nguvu ya kuzunguka. Nadra, lakini si hadithi. Aprili 15, 1872 kimoja kiliipiga Unguja yenyewe, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini, na kilimo cha karafuu kikahamia Pemba kwa wingi.

Saa tisa radi zikaanza upande wa bahari. Nahesabu sekunde kutoka mmweko hadi ngurumo, nagawa kwa tatu, napata kilomita. Zikishuka chini ya sekunde 30 umeme uko ndani ya kilomita 10, na ufuko mtupu si mahali pa mtu kusimama akiwa na stendi ya chuma begani. Zilishuka hadi 20. Niliingia kwenye nyumba ya karibu iliyokuwa na watu barazani, nikakaribishwa bila kuulizwa, na sikutoka hadi nusu saa ilipopita tangu ngurumo ya mwisho. Kujaa kwa maji kukapita nikiwa ndani. Bahati yake.

Jumanne, Jambiani

Leo ndiyo siku ya safari hii.

Saa tatu asubuhi maji yalikuwa yanakimbia kwenda nje, na kinamama wa mwani wakiyafuata nyuma. Bamvua ni lao kabla halijawa langu: maji yakitoka mbali ndipo mashamba yanafikika. Kilimo hiki kilianza Unguja kibiashara mwaka 1989, hapa upande wa mashariki, na pwani ya Jambiani ikipwa unaona mistari ya vigingi na kamba ikienda hadi macho yanapokoma.

Nilimwendea bi mkubwa mmoja aliyekuwa ameinama peke yake.

"Shikamoo bi mkubwa. Naomba nipige picha kazi yako, uso si lazima."

"Marahaba. Uso usipige. Mikono piga, mikono haina aibu."

Basi nikachuchumaa majini, lenzi karibu na kamba. Kila kishada cha mwani kimefungwa kwa kijikamba chembamba, wenyewe wanakiita taitai. Alikuwa anapita kamba nzima akikuta taitai zimebaki, mwani umekwenda. Mawimbi ya jana jioni yameung'oa, na uliosalia una ncha nyeupe kwa sababu maji ya mvua yamezidi na mwani hautaki maji baridi. Alikata kishada kizima, akakigawa vitatu kwa kucha, akafunga kimoja, akavuta, akafunga kingine. Vidole vimekunjamana kwa maji. Alisema wakivuna sasa hivi hawana pa kuanika, mvua ikiunyea mwani uliokaushwa rangi inaharibika na mnunuzi anashusha bei; wakiuacha, upepo unauchukua. "Sasa chagua wewe," akasema, kisha akaniambia nihamie upande wa pili maana nimesimama juu ya kamba yake nyingine.

Nimekuja kupiga dhoruba, na dhoruba ya jana ambayo sikuipiga iko hapa, kwenye taitai tupu. Nilibaki naye hadi maji yalipoanza kurudi na kina kufika gotini.

Kujaa leo kulikuwa saa kumi na moja kamili. Saa kumi na robo kusini-mashariki pakaanza kujengeka ukuta. Ukingo wake wa mbele ulikuwa umenyooka, mweusi kwa juu na wa kijani chafu kwa chini, na nyuma ya ukingo mvua ilikuwa inaning'inia hadi baharini. Ufukweni kwetu bado jua. Hewa ikasimama kabisa. Hapa ndipo wengi hukimbia, na hapa ndipo picha zilipo: dakika zile chache kabla ya upepo, wakati mwanga wa magharibi unapita chini ya wingu na kuangukia bahari iliyo mbele ya giza. Povu linakuwa jeupe kupita kiasi, ngalawa zilizotia nanga zinawaka rangi zake zote, na nyuma yake kama usiku. Mvua ikishakufikia hakuna tena picha, kuna kijivu.

Nilitumia lenzi pana kwa ukuta mzima, kisha nikahamia ndefu, milimita 200, nikazikaza ngalawa mbili dhidi ya wingu. Mwangaza niliupima kwenye povu, si kwenye wingu, maana povu likishaungua kwa mwanga kuzidi halirudi kwenye kompyuta, lakini giza unaweza kuliinua. Ngurumo hazikuwapo, ningezisikia nisingebaki.

Halafu upepo. Ulifika na mchanga kwanza, chini, ukichoma miguu, kisha makuti, kisha maji. Kamera ndani ya mfuko usiopitisha maji, mimi ukutani mwa nyumba. Robo saa nzima sikuona ngalawa wala mnazi.

Ikapita kuelekea kaskazini, na jua lilikuwa bado lina nusu saa na kitu kabla ya kuchwa. Upinde wa mvua ukasimama juu ya bahari, mkubwa, karibu nusu duara. Upinde hukaa upande uliokabili jua, na jua likiwa chini upinde unapanda juu. Ndiyo maana ufuko unaotazama mashariki hupewa upinde jioni mvua ikishapita kuelekea baharini. Nimeupiga, nani asingeupiga. Lakini nilipozitazama usiku, zile za kabla ya upepo ndizo zilizonifanya nikae kitako.

Jumatano, Paje na Bwejuu

Siku ya kukausha vitu. Mchanga wa Paje ni mpana na mtupu, kusi inavuma sawasawa bila kupanda wala kushuka, mawingu madogo yanapita haraka. Picha za kawaida. Begi limepata ukungu kwa ndani, nimelianika chini ya mivinje ya Bwejuu pamoja na soksi. Lenzi nimezifungia kwenye kopo na vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ninavikusanya mwaka mzima. Kosa la wengi siku za mvua ni kutoa kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi moja kwa moja hadi nje. Lenzi inatoka jasho na huna la kufanya ila kungoja. Mimi nalala madirisha wazi.

Alhamisi, Dongwe hadi Michamvi

Bamvua linaanza kufifia na kujaa kumesogea hadi baada ya saa kumi na mbili, jua likizama. Kila siku ya bamvua maji huchelewa dakika 40 hivi, mwisho yanakukimbizia mwanga. Nilijua leo ndiyo mwisho wa picha za mawimbi, nikapanga umeme.

Rasi ya Michamvi ina nyuso mbili. Upande wa Pingwe unatazama bahari kuu, upande wa Kae unatazama ghuba ya Chwaka, maji yametulia na mikoko imesimama ndani yake. Ukikatiza rasi unatoka kwenye mvumo unaingia kwenye ukimya, na Kae ni miongoni mwa sehemu chache za pwani ya mashariki unakoweza kuona jua likizama majini. Jioni mawingu ya radi yalikuwa mbali, ng'ambo ya ghuba, juu ya nchi kavu. Nilihesabu zaidi ya sekunde 50, kisha ngurumo sikuzisikia kabisa. Umbali wa kutosha.

Umeme ukishakuwa mbali kazi yake ni nyepesi. Stendi chini ya kibanda, fokasi imefungwa kwenye taa ya mbali, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 200, tundu la lenzi f/8, shata wazi sekunde 15, funga, fungua tena, bila kungoja kuona. Ukingoja mmweko ndipo ubonyeze umeshachelewa. Nyingi zilitoka giza tupu. Kadhaa zina mzizi mmoja wa umeme, na maji ya ghuba yameurudisha chini.

Kabla ya giza nilikuwa nimempiga picha mvuvi mmoja anapandisha ngalawa yake na wanawe, wingu zito nyuma, mwanga wa mwisho umelipata tanga lililokunjwa. Naiona ndiyo picha bora ya leo. Akataka nimtumie kwenye simu, nikamtumia hapo hapo.

Ameitazama muda mrefu, akaikuza, akaipunguza. Akauliza kama sina nyingine, ya upande ule, jina la chombo lisomeke.

Ninayo. Wingu halimo kabisa, na tanga limekatwa. Amefurahi sana, ameiweka mbele ya simu.